Maji Hufuata Mkondo, Mnyama Hufuata Maji: Historia ya Wawindaji Inayoweza Kuokoa Shamba Lako

Leo sitazungumzia mbegu wala mbolea. Nitakupeleka kwenye historia, lakini usiondoke, kwa sababu historia hii inagusa kisima chako, bustani yako na usalama wa watoto wako wanapokwenda kuchota maji.

Wiki iliyopita nilikuwa Dar es Salaam kwa semina, nikafikia kwa dada yangu Upanga. Asubuhi ya pili, nikiwa bado na kikombe cha chai mkononi, simu ikaita. Alikuwa mkulima ninayemhudumia, mzee wa miaka sitini na kitu. Nikamwamkia, akaitikia kwa sauti ya chini. Mwaka jana alichimba lambo pembeni mwa shamba lake, upande wa msituni. Akauza ng'ombe wawili, akapanda basi hadi Kariakoo, akanunua pampu na mipira ya maji, akalima nyanya na migomba wakati wa kiangazi. Kijiji kizima kilimsifu. Sasa usiku wa kuamkia siku ile tembo walikuwa wameingia. Nyanya zimekanyagwa, migomba imelala chini, mipira imepasuliwa.

"Bwana shamba," akaniuliza, "kijiji kizima kina mashamba. Kwa nini wamekuja kwangu tu? Nimewakosea nini?"

Kisha akaniambia jambo lililonitia wasiwasi kuliko hata hasara yenyewe. Mfanyabiashara mmoja anayepita vijijini kununua mazao alimshauri ageuze hasara kuwa faida: ajifiche usiku kando ya lambo, apige swala au nyati anayekuja kunywa, nyama ina wateja mjini, atarudisha fedha ya pampu kwa mwezi mmoja.

Nilimwambia, "Mzee wangu, usifanye lolote mpaka nirudi." Makala hii ndiyo jibu nililompelekea. Nimeona niliandike na kwa ajili yako.

Jibu fupi ni hili: tembo hawakumchagua yeye. Walichagua maji. Wawindaji wamelijua jambo hilo tangu zamani kuliko kilimo chenyewe.

Somo la kwanza liko jirani na Upanga

Ukitoka Upanga kwa miguu kuelekea upande wa bahari utafika Mtaa wa Shaaban Robert, ilipo Makumbusho ya Taifa. Baada ya semina nilikwenda huko. Taasisi hiyo ndiyo yenye dhamana ya kulitunza fuvu maarufu la Zinjanthropus, lililogunduliwa na Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959 katika Bonde la Olduvai. Umri wake unakadiriwa kuwa karibu miaka milioni 1.8.

Watalii hulishangaa fuvu. Mimi ni mtu wa kilimo, nikataka kujua mahali lilipopatikana palikuwaje. Wanasayansi waliochimba pale walikuta mifupa mingi ya wanyama pamoja na vipande vya mawe, na baadhi ya mifupa ina alama za kukatwa kwa mawe makali. Zamani hizo mahali hapo palikuwa karibu na ziwa, na uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa palikuwa na chemchemi ya maji baridi jirani kabisa. Wataalamu bado wanabishana kama viumbe wale waliwinda wenyewe au walinyang'anya mizoga ya simba. Kwangu mimi na wewe haileti tofauti kubwa. Kwa njia yoyote ile, nyama ilipatikana palipo na maji.

Na si Afrika tu. Katika milima ya magharibi ya Marekani kuna mnyama aitwaye elk, jamii ya paa lakini mkubwa anayekaribia umbo la pofu. Wawindaji wa kule, joto linapozidi mwezi Septemba, huacha kuzunguka milima yote na kutafuta chemchemi na madimbwi ya tope, kwa sababu madume hugaagaa kwenye tope majira ya kupandana. Ukifikiri vizuri utaona ni habari ileile ya nguruwe pori na nyati wetu.

Si kila mnyama hunywa sawa

Mwindaji wa jadi hakusema tu "wanyama wapo majini". Alijua nani anakuja, lini, na kwa nini. Hebu tuyapange maarifa hayo, maana yanakuhusu.

Tembo mkubwa anaweza kunywa lita 100 hadi 200 kwa siku. Piga hesabu kwa madumu ya lita 20: ni madumu matano hadi kumi kwa mnyama mmoja. Kundi la tembo kumi linatosha kulishusha lambo dogo. Nyati na pundamilia nao hawawezi kukaa muda mrefu bila kunywa, hivyo hawaendi mbali sana na maji. Swala pala hunywa maji yanapopatikana. Lakini digidigi na swala twiga hupata unyevu mwingi kwenye majani, na choroa huvumilia ukame kuliko wengi. Mwindaji aliyemvizia digidigi kisimani alilala njaa.

Majira nayo yana kazi yake. Masika maji yapo kila kidimbwi, wanyama hutawanyika, na kumtafuta mmoja ni kama kutafuta sindano kwenye nyasi. Kiangazi vidimbwi hukauka kimoja baada ya kingine, na wanyama wa eneo kubwa hukusanyika kwenye maji machache yaliyobaki. Mwindaji aliingoja Agosti hadi Oktoba kama wewe unavyoingoja mvua ya kwanza.

Sasa angalia alichofanya yule mzee. Katikati ya kiangazi, upande wa msituni, alitengeneza maji mapya, akayazungushia migomba na nyanya. Bila kukusudia aliandaa kila kitu ambacho mwindaji wa zamani angekitafuta kwa wiki nzima.

Wahadzabe na Waata: mabingwa wa kungoja

Nchini kwetu wanaoijua elimu hii kwa undani ni Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi. Watafiti walioishi nao wameeleza jinsi uwindaji wao unavyobadilika na majira. Wakati mwingi mwanaume hutembea peke yake mchana na upinde wake, akifuata nyayo. Mwisho wa kiangazi mambo hubadilika. Wawindaji hutengeneza maficho kando ya maji au kwenye mapito yanayoelekea majini, hukaa humo usiku wakiangalia upepo unatoka wapi, na humngoja mnyama kwa mishale yenye sumu. Kazi kubwa huwa ni kutulia kimya na kuvumilia mpaka mnyama afike mwenyewe.

Ng'ambo ya mpaka, Kenya, walikuwepo Waata, ambao vitabu vingi vinawaita Waliangulu, wawindaji wa tembo katika nyika ya nyuma ya Malindi hadi Mto Galana na Tsavo. Upinde wao ulikuwa mrefu na mgumu, watu wengi wenye nguvu walishindwa kuuvuta, na sumu yao ilitokana na mti unaochemshwa hadi unakuwa kama lami. Walijua kila kidimbwi kwa jina. Hifadhi ya Taifa ya Tsavo ilipoanzishwa mwaka 1948, ilianzishwa juu ya madimbwi yaleyale. Mwaka 1956 na 1957 serikali ya kikoloni iliendesha operesheni kubwa na wengi wa wawindaji hao wakafungwa. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana uliolenga kuwaajiri Waata kuvuna wanyama kwa utaratibu. Hata hivyo, maisha yao ya zamani yalikuwa yameshavunjika.

Tsavo inatufundisha jambo jingine ambalo mfugaji asilisahau. Ukame wa 1970 hadi 1971 uliua maelfu ya tembo kule. Wengi hawakufa kwa kiu. Mito ilikuwepo. Walikufa kwa njaa, hasa majike na watoto, kwa sababu hawakuweza kwenda mbali na maji, na majani yote yaliyo karibu na maji yalikuwa yamekwisha. Ng'ombe wako hana tofauti. Lambo moja likihudumia mifugo ya kata nzima, malisho yaliyo jirani hugeuka vumbi, na mnyama hufa akiwa ametoka kunywa sasa hivi. Kwa hiyo ukipanga maji ya mifugo, panga na malisho yake.

Misafara, hongo na bei ya maji

Wafanyabiashara nao wana historia yao katika jambo hili. Karne ya 19, kabla ya reli, bidhaa na pembe za ndovu zilitembea kwa misafara ya wapagazi kutoka bara hadi Bagamoyo na miji mingine ya pwani. Njia ya msafara haikunyooka kama barabara ya lami. Ilipinda kutoka maji hadi maji. Baada ya Mpwapwa na Chunyo ulikuwepo mbuga mkavu ulioitwa Marenga Mkali, na msafara ulilazimika kubeba maji na kuuvuka kwa mwendo wa haraka hadi Ugogo. Watemi wa Wagogo waliomiliki maji na chakula walitoza ushuru ulioitwa hongo. Wasafiri wa Kizungu waliopita, akina Burton na Speke mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, walilalamika sana juu ya hongo. Lakini fikiri kama mfanyabiashara: mwenye maji kwenye nchi kavu ana haki ya kusema bei yake.

Msafara na mwindaji walikutana kwenye kisima kilekile. Palipo na maji palikuwa na nyama ya kulisha wapagazi, na palikuwa na tembo mwenye pembe. Ndiyo maana tembo walianza kupungua kwanza kandokando ya njia za misafara, na wawindaji wakalazimika kwenda mbali zaidi mwaka hadi mwaka.

Jina lenyewe la Kariakoo linatokana na wapagazi, ingawa ni wa zama nyingine. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916 waliweka hapo kambi ya jeshi la wapagazi, Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukaligeuza kuwa Kariakoo. Wapagazi hao walipelekwa kwenye vita vya Rufiji na kusini, na makumi kwa maelfu hawakurudi, wengi wakiuawa na magonjwa, kuhara damu kukiwa miongoni mwa makubwa. Huko Rufiji, mahali paitwapo Beho Beho, tarehe 4 Januari 1917 aliuawa kwa risasi Frederick Selous, mwindaji maarufu wa tembo aliyekuwa askari wa Uingereza. Pori la akiba likapewa jina lake mwaka 1922, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kwa hiyo unaposimama dukani Kariakoo kununua pampu, kumbuka unasimama mahali palipopewa jina na watu waliotembea kuelekea mto wa tembo.

Uzaramo: shamba lilipogeuka windo

Dar es Salaam yote, Upanga ikiwemo, imekaa juu ya ardhi ya Uzaramo na pwani yake. Upanga yenyewe ina bahari upande mmoja na mkondo wa Msimbazi upande mwingine. Miaka mia na ushee iliyopita, vijiji vya Uzaramo vililima mpunga mabondeni na mahindi na muhogo juu yake. Adui mkubwa alikuwa nguruwe pori. Nguruwe hupenda bonde lenye tope, hugaagaa humo mchana kujipooza na kujikinga na kupe, halafu usiku hupanda shambani.

Vijiji vilikuwa na dawa yake. Wanaume walikusanyika, wakatega nyavu kwenye mapito yanayotoka bondeni, wengine wakapiga kelele na kuwasukuma nguruwe hadi wavuni. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Inahitaji kijiji.

Wajerumani walipokuja mambo yaliharibika. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kwanza ya wanyamapori katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, ikaleta leseni za uwindaji na mapori ya kwanza yaliyofungwa. Masharti juu ya uwindaji wa wenyeji yakaongezeka, na wakati huohuo wanaume wakachukuliwa kwenda kufanya kazi za mashamba ya walowezi, za pamba na za upagazi. Waliobaki vijijini ni wanawake, watoto na wazee. Nyavu zikaoza. Nguruwe wakala mpunga. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, aliyechunguza njaa za Uzaramo za wakati huo, ameonyesha kuwa kero hii ya nguruwe ilikuwa moja ya mambo yaliyowasukuma watu kwenye Vita vya Majimaji, vilivyoanza mwaka 1905. Tumezoea kusikia kwamba maji ya dawa yalikuwa ya kuzuia risasi. Katika baadhi ya vijiji watu waliyatafuta pia ili kuokoa mashamba yao na wanyama waharibifu.

Nakuomba ukae na jambo hilo kidogo. Watu wa Uzaramo walikuwa na maarifa, lakini maarifa yale yalihitaji mikono mingi ya kijiji. Mikono ilipoondolewa, yalibaki kichwani tu.

Sheria ilipofika kisimani

Baada ya Wajerumani, Waingereza nao walitunga sheria zao za wanyama, na baada ya uhuru tukatunga zetu mwaka 1974, kisha Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inayotumika sasa. Kuna jambo moja wengi hawalijui. Hata mwindaji mwenye leseni haruhusiwi, bila kibali maalumu cha Mkurugenzi wa Wanyamapori, kuwinda ndani ya mita 500 kutoka kwenye maji ya kudumu, kidimbwi cha kunywea au mahali wanyama wanapolamba chumvi. Kuwinda usiku, kutumia sumu, mitego ya waya na mashimo navyo vimekatazwa.

Kwa nini? Kwa sababu kiangazi mnyama hana pa kwenda. Ukimvizia kwenye maji ya mwisho hujamshinda kwa ujuzi, umemfungia mlango. Mhadzabe na upinde wake alipata mnyama mmoja na wengine wakarudi kesho. Bunduki na tochi, au sumu ndani ya maji, humaliza kundi zima kwa wiki. Zimbabwe mwaka 2013, katika Hifadhi ya Hwange, majangili walitega sianidi kwenye chumvi na sehemu za kunywea, wakaua makumi ya tembo, na tai na wanyama wengine waliokula mizoga nao wakafa.

Sasa msikilize tena yule mfanyabiashara aliyemshauri mzee wangu akae na silaha kando ya lambo. Alichomshauri kina makosa zaidi ya moja kwa usiku mmoja: kuwinda bila leseni, kuwinda usiku, kuwinda majini. Na ukikutwa na nyama hiyo au pembe, hiyo ni nyara ya serikali, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 20 na zaidi. Nimewahi kumwona mtu akipoteza shamba kwa kulipa mawakili tu, kwa sababu ya kapu moja la nyama.

Maji yanapopungua, wao huja kwetu

Usidhani wanyama wamekuwa wakorofi siku hizi. Maji yao ndiyo yamebadilika. Mto Ruaha Mkuu ulizoea kutiririka mwaka mzima ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Kuanzia miaka ya 1990 ukaanza kukatika kila kiangazi, kwa sababu maji yalichepushwa kwa kilimo cha umwagiliaji huko Usangu na ardhi oevu ya Ihefu ikaelemewa na mifugo. Mwaka 2008 eneo hilo likaingizwa ndani ya hifadhi. Katavi nako Mto Katuma umepungua hadi viboko mamia kwa mamia wanabanana kwenye tope kiangazi.

Usione hayo ni ya mbali. Ruaha ndio unaolisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Na maji ya bomba ya Upanga na Kariakoo hutoka Mto Ruvu, kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mwishoni mwa 2021 na tena 2022 Ruvu ulipungua, na dada yangu Upanga alipanga foleni na ndoo kama mtu wa kijijini. Mnyama, mkulima na mtu wa ghorofani wote wanakunywa mto mmoja.

Sasa wewe ufanye nini?

Fikiri kama mwindaji, lakini ulinde badala ya kuua. Haya ndiyo niliyomwambia mzee, na ndiyo nakuambia wewe.

1. Soma ardhi kabla ya kuchimba. Zunguka eneo mwishoni mwa kiangazi. Tafuta mapito ya wanyama. Mapito mawili yakiungana kuwa moja, mara nyingi njia hiyo kubwa inaelekea majini. Angalia miti yenye tope lililokauka: tope la kimo cha goti ni la nguruwe au ngiri, tope la juu ya kichwa chako ni la tembo. Ukiona hayo, lambo lisichimbwe hapo.

2. Weka maji upande wa nyumba, si upande wa msitu. Tembo asianze kunywa ndipo aone migomba.

3. Heshimu mita 60. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Wengi huiona kama uonevu. Mwindaji angekuambia ukanda huo ni njia ya wanyama usiku. Ukilima humo umelima barabarani.

4. Usichote maji gizani. Wanyama wengi wakubwa huja jioni, usiku na alfajiri. Watoto na akina mama waende jua likiwa limepanda na warudi kabla halijazama, tena kwa kikundi. Tembo na viboko huua.

5. Badili mazao ya pembeni. Mahindi, migomba, viazi na tikiti ni mwaliko. Pembeni upande wa msitu jaribu pilipili au ufuta, ambavyo tembo hawavikimbilii.

6. Weka uzio wa pilipili au wa nyuki. Kamba yenye vitambaa vilivyolowekwa kwenye oili chafu na pilipili ya kusaga humkera tembo, ila mvua ikinyesha uipake tena. Mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba ilijaribiwa kwanza Kenya na sasa inatumika sehemu mbalimbali, na asali ni mapato.

7. Lindeni kwa zamu. Kumbuka Uzaramo. Mtu mmoja na tochi hatoshi. Pangeni zamu ya kijiji wakati wa mavuno, na msimkaribie tembo wala kumrushia moto.

8. Usitie sumu kwenye maji wala kwenye chambo. Sumu haichagui. Itaua mbwa wako, kuku wako, na anayekunywa chini ya mkondo.

9. Toa taarifa mapema. Piga picha za uharibifu, mwambie mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori siku hiyohiyo. Kuna utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeumia au kufiwa. Hautalipa hasara yote, lakini asiyeandikisha hapati hata kidogo.

Neno kwa wafanyabiashara

Ndugu yangu unayepita vijijini na lori au pikipiki, wewe unabeba mazao pamoja na ushauri. Nyamapori si haramu kuuzwa. Tangu 2020 zipo kanuni za mabucha ya nyamapori, na mwenye leseni huuza hadharani kwa risiti. Ukitaka biashara hiyo, ingia kwa mlango huo. Usimtume mzee wa watu kulala kando ya lambo na gobore huku wewe umelala nyumba ya wageni. Akikamatwa, jina lako hatalisahau.

Na kama unauza pampu na mipira, muulize mteja wako swali moja: maji utayavuta kutoka wapi, na nani mwingine anakunywa hapo? Halikupotezei mauzo. Mteja asiyepata hasara ndiye anayerudi.

Mzee aliamua nini

Niliporudi tulikwenda pamoja lamboni. Nikamwonyesha tope kwenye mti wa mkwaju, juu kuliko kofia yangu. Akalitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, baba yangu angeliona hili kabla ya kuchimba. Alikuwa mwindaji. Mimi nilimwona ni mtu wa zamani."

Hatukulifukia lile lambo, maana gharama imekwishaingia. Migomba haipandi tena pale. Pembeni mwa lambo sasa kuna pilipili, maji yanavutwa mchana kwenda kwenye tenki karibu na nyumba, na bustani ya nyanya imehamia huko. Majirani watano wamekubali kulinda kwa zamu, kwa masharti kwamba nao watachota kiangazi. Tembo wamepita mara moja tangu hapo. Walikunywa, wakaenda zao.

Yule mfanyabiashara alirudi kuuliza kama kuna mzigo. Mzee akamwambia mzigo upo: pilipili, debe kumi na mbili.

Kwa leo niishie hapa. Kabla ya kiangazi kijacho, chukua fimbo, uzunguke maji yako yote ukiwa na mzee mmoja wa kijiji anayekumbuka mapito ya zamani. Makala ijayo nitaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kutengeneza uzio wa pilipili na gharama zake. Tuonane shambani.